Bustani Mbili

Mtu akitaka kuijua tabia ya mkulima hana haja ya kumwuliza maswali mengi. Na alitazame shamba lake, kisha aitazame sufuria yake. Ikiwa kilichomo shambani ndicho kilichomo sufuriani, mkulima huyo ana neno moja. Lakini ikiwa pana mstari wa mboga za kuliwa nyumbani na mstari mwingine wa kuuzwa sokoni, ilhali mboga zote ni za jina moja na mbegu moja, hapana budi iwepo sababu. Na sababu hiyo aghalabu haisemwi kwa sauti. Insha hii yataka kuitafuta sababu hiyo na kuipima. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, ni haki mtu kumwuzia mwenzake chakula ambacho yeye mwenyewe hathubutu kukila?

Sikulitoa swali hili vitabuni. Lilinijia katika uwanja wa nyumba yangu. Mimi ni mwalimu wa shule, na makazi yangu ni karibu na mji wa Othaya, katika Kaunti ya Nyeri. Asiyepata kufika huku na ajue kwamba nchi yetu ni ya migongo na mabonde. Kwa magharibi imeegemea milima ya Nyandarua, na kwa kaskazini mashariki, asubuhi isiyo na mawingu, huonekana vilele vya Mlima Kenya. Sehemu za juu zimefunikwa na chai. Za chini zina mikahawa. Udongo ni mwekundu na mwema. Mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, na mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Na baina yake, tangu Juni hata Agosti, huja majira ya baridi na ukungu, ambapo jua huweza kujificha siku nyingi mfululizo. Katika nchi ya namna hii, mtu mwenye kiwanja asiye na mboga nyuma ya nyumba yake hudhaniwa kuwa ama mgonjwa ama mvivu.

Bustani yangu ya kwanza ipo nyuma ya jiko. Si kubwa, mtu aweza kuizunguka kabla chai yake haijapoa. Ina sukuma wiki, mboga ambayo jina lake peke yake ni historia ya uchumi wetu, maana imewasukuma wengi mpaka mwisho wa juma. Ina spinachi, ina mnavu, ambao sisi huku twauita managu, na mchicha, ambao twauita terere, ina vitunguu vya majani, na pembezoni dania, mnanaa na kichaka cha rozimeri. Mwenye mamlaka katika bustani hiyo ni mke wangu. Chakula chake ni samadi ya mbuzi. Vidukari wakija hunyunyiziwa majivu, na viwavi huokotwa kwa mkono. Majani mengine yana matundu, wala hakuna anayelalamika. Mtoto akitaka kukata jani la dania na kulitafuna papo hapo hakemewi, isipokuwa kwa sababu ya matope ya mikononi.

Bustani yangu ya pili ni kivungulio. Kina upana wa mita 8 na urefu wa mita 15. Nguzo zake ni za miti, na paa lake ni karatasi angavu ya plastiki. Kazi yake si vigumu kuieleza. Mwanga wa jua hupenya katika plastiki na kuupasha udongo joto. Udongo huipasha hewa. Na hewa hiyo, kwa kuwa imefungiwa, haiwezi kupaa na kulichukua joto hilo ikaenda zake. Kwa hiyo nyanya, ambazo asili yake ni nchi za Amerika ya Kusini, huweza kuzaa humo hata katika Julai yetu, wakati zile za nje zinapooza kwa baridi na ukungu. Lakini kivungulio si nyumba ya kujengwa na kusahauliwa. Madirisha yake ya wavu hufunguliwa jua likipanda na kufungwa jioni, kwa maana joto likizidi maua hupukutika, na unyevu ukizidi maradhi hustawi. Mipira ya kudondoshea maji huziba, nayo lazima izibuliwe. Plastiki hushika vumbi, nayo lazima ioshwe. Upepo huirarua, nayo lazima itiwe kiraka. Kila mche hufungwa kamba na kupunguzwa machipukizi. Wala haifai kupanda nyanya pale pale msimu baada ya msimu, kwani maradhi ya mnyauko hukaa udongoni yakimngoja mzembe.

Sanaa ya kuikinga mimea si mpya. Waandishi wa Rumi ya kale wanasimulia kwamba Kaisari Tiberius, aliyetawala tangu mwaka 14 hata mwaka 37, alipenda matango mno, hata ikawa karibu kila siku lazima tango liwepo mezani pake. Watunza bustani wake waliyaotesha katika vitanda vyenye magurudumu, wakivisukuma juani, na wakati wa baridi wakivifunika kwa jiwe jembamba linalopitisha mwanga. Nitalirudia tango la Kaisari baadaye, maana lina fundisho.

Walakini nyumba inayowakinga wema huwakinga na waovu pia. Mvua, ambayo huko nje huwaangusha wadudu, ndani ya kivungulio haifiki. Na ndege wanaowala wadudu hawaingii. Nzi weupe wakipata mwanya huzaana kama waliofika karamuni. Tangu mwaka 2014 nchi yetu ya Kenya imekuwa pia na nondo mmoja mdogo, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ambaye viwavi wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda lenyewe. Na baridi ikiungana na unyevu, huja bakajani, maradhi yawezayo kuliangamiza zao zima katika siku chache. Hapo mkulima huchukua pampu yake, akaivaa mgongoni.

Na hapo ndipo lugha yetu inapotutega. Kile tunachonyunyizia tumekiita dawa, kwa jina lile lile la kile tunachopewa na tabibu. Kwa mmea ni dawa kweli. Kwa mdudu ni sumu. Na kwa mlaji ni jambo linalotegemea kipimo na siku. Ndiyo sababu chupa za dawa hizo hubandikwa maandishi yanayotaja siku za kungoja kati ya kunyunyizia na kuchuma. Dawa moja huagiza siku 3, nyingine siku 7, nyingine siku 14 au zaidi. Katika siku hizo dawa huvunjika na kupungua kidogo kidogo. Na ndani ya kivungulio, mahali ambapo hakuna mvua ya kuosha tunda, siku hizo hazina nafasi ya kupunguzwa.

Sasa nitasimulia kosa langu, kwa maana mwalimu anayesimulia makosa ya wengine tu hufundisha nusu ya somo.

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa pili tangu nilipojenga kivungulio. Ukungu ulikuwa umeshuka juma zima, na bakajani ikaanza kuchora madoa katika majani. Jumatatu jioni nilinyunyizia dawa. Maandishi ya chupani yalisema siku 7. Niliwaita watoto wangu nikawaonya wasiguse nyanya hata moja mpaka Jumatatu ya pili. Jumatano, kabla sijaenda shuleni, akaja mchuuzi na gari lake dogo, akielekea soko la Karatina. Alisimama mlangoni pa kivungulio akazitazama nyanya zilizoiva, zikimetameta kama zilizopakwa mafuta.

"Mwalimu," akaniambia, "leo sokoni nyanya hakuna. Baridi imezimaliza za nje zote. Nipe kreti sita, nami nitakulipa hapa hapa."

Nilikuwa na mdogo wangu chuoni. Karo yake ilikuwa haijatimia, na asiyelipa kabla ya mwisho wa juma lile hangeketi mtihani. Mchuuzi hakuniuliza kama nimenyunyizia dawa, nami sikumwambia. Tukachuma pamoja. Tulipokuwa tukipakia kreti ya mwisho, binti yangu wa miaka saba alikuja akasimama kando yangu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, kwani Jumatatu imefika?"

Nilimwambia aende akamsaidie mama yake.

Karo ililipwa. Mdogo wangu aliketi mtihani, akafaulu. Sikupata kusikia kwamba mtu yeyote aliugua kwa sababu ya nyanya zangu. Nayaeleza haya kwa makusudi, msomaji, kwa kuwa kisa ambacho mkosaji huadhibiwa papo hapo hakitutaki tufikiri. Hofu hufikiri kwa niaba yetu. Kisa changu hakikuwa na adhabu. Kilikuwa na faida tupu, na swali la mtoto.

Siku mbili baadaye, katika chakula cha mchana shuleni, tuliwekewa kachumbari. Nyanya zake zilitoka sokoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliitazama nyanya kwa macho ya mnunuzi tu, si kwa macho ya mkulima. Ni nani aliyeipanda? Aliinyunyizia nini? Alingoja siku ngapi? Nyanya ilikuwa nyekundu na nzuri, wala haikujibu. Mkulima nisiyemjua alikuwa amenishika katika kiganja chake, kama mimi nilivyowashika watu nisiowajua katika kiganja changu. Nilikula, maana niliona haya kuiacha. Lakini tangu siku ile swali halikuniacha.

Basi na tuzipime hoja za utetezi. Nilijitetea sana mbele ya nafsi yangu, na nafsi ni hakimu apendaye kupendelea jamaa.

Hoja ya kwanza ni kwamba kipimo kilikuwa kidogo. Tabibu Paracelsus wa Uswisi, aliyeishi kati ya mwaka 1493 na mwaka 1541, alifundisha kwamba kila kitu chaweza kuwa sumu, na kwamba kipimo ndicho kinachoamua. Fundisho hilo ni la kweli, na ndilo linalonihukumu. Siku 7 za chupani ni sehemu ya kipimo chenyewe. Mtu hawezi kuiita elimu ya vipimo ije imtetee na papo hapo akavikataa vipimo vyake. Wala kutosikia kwamba mtu ameugua si ushahidi. Madhara mengine hayapigi hodi. Mwaka 1962 mwandishi wa Marekani, Rachel Carson, katika kitabu chake Silent Spring, aliwaonyesha walimwengu kwamba dawa za wadudu zilizosifiwa sana, DDT mojawapo, zilikuwa zikijikusanya kimya kimya katika miili ya samaki na ndege huku watu wakidhani zimekwisha kazi yake. Na zaidi ya yote, kama kweli niliamini kwamba kipimo kilikuwa kidogo, mbona niliwakataza watoto wangu? Ulimi wangu ulisema neno moja kwa mchuuzi, kwa kunyamaza, na neno jingine kwa binti yangu, kwa kuonya. Kati ya maneno hayo mawili, lile nililomwambia mtoto ndilo nililoliamini.

Hoja ya pili ni kwamba wengi hufanya hivyo. Lakini wingi wa watendao haulibadili tendo. Hupunguza tu haya ya mtendaji. Tena katika jambo hili wingi huzidisha ubaya. Mama anayenunua sokoni hanunui nyanya tu. Hununua na hoho, na kabichi, na dania. Ikiwa kila mkulima atajisamehe kwa sababu kosa lake ni dogo, makosa madogo ya watu wanne yatakutana katika sufuria moja.

Hoja ya tatu ndiyo niliyoitegemea kuliko zote: mchuuzi hakuuliza. Je, muuzaji ana wajibu wa kulisema lisiloulizwa? Hili ni swali la kale. Mrumi Cicero, katika kitabu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo juu ya wajibu wa mwanadamu, anatoa mfano wa mfanyabiashara aliyetoka Alexandria na merikebu ya nafaka, akafika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona merikebu nyingine nyingi zimejaa nafaka, nazo zaja nyuma yake. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, na bei ishuke? Au anyamaze, auze kwa bei ya njaa? Cicero anasema wanafalsafa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, walikuwa na majibu tofauti. Mwalimu, Diogenes wa Babeli, aliona kwamba muuzaji anapaswa kuzitaja kasoro ambazo sheria yamtaka azitaje, na kwa mengine, maadamu hadanganyi, anayo haki ya kuuza kwa faida. Kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi, Antipater, aliona kwamba mnunuzi asifichwe lolote analolijua muuzaji, kwa sababu wanadamu ni jamii moja, na faida ya mmoja haipasi kutengwa na faida ya wote. Cicero mwenyewe alisimama pamoja na mwanafunzi.

Angalia, msomaji, jinsi kesi yangu ilivyo nzito kuliko ile ya Rhodes. Nafaka ya mfanyabiashara yule ilikuwa njema. Kilichokuwa hatarini ni bei tu. Katika kreti zangu mlikuwa na jambo linalohusu mwili wa mlaji. Hata Diogenes, mwenye huruma kwa wafanyabiashara, nadhani hangekubali kuwa wakili wangu. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli kwa mambo yaonekanayo, kama embe lililooza au kanga iliyochujuka. Lakini dawa iliyobaki katika ngozi ya nyanya haina rangi machoni pa mnunuzi, na nyanya niliyoinyunyizia juzi hujiuza vizuri kuliko sukuma wiki ya mke wangu yenye matundu. Mahali ambapo jicho la mnunuzi limeshindwa, hana msaidizi isipokuwa ulimi wa muuzaji. Akinyamaza huyo, mnunuzi ameachwa gizani na mtu mwenye taa mkononi.

Hoja ya nne ni haja. Karo ilikuwa haja ya kweli, wala sitaki kijana yeyote anayesoma insha hii adharau uzito wa karo. Mwenye njaa hana miiko, walisema wazee. Lakini na tuisikilize methali hiyo vizuri. Yamhusu mtu mwenye njaa anayeuvunja mwiko kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi niliuvunja kwa vinywa vya wengine, na mezani kwangu mwiko ukabaki mzima. Kama ningekuwa nimekula nyanya zile pamoja na watoto wangu, ningeitwa mjinga au maskini. Kwa kuwa niliwaepusha wangu na kuwalisha wa wenzangu, jina langu ni jingine.

Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, anasimulia habari za mchungaji aliyeokota pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni haonekani na mtu. Akaitumia kuupindua ufalme. Swali linaloulizwa katika hadithi hiyo ni hili: mtu akipewa pete ya namna ile, je, atabaki mwenye haki? Nilipokuwa mwanafunzi nililidhani swali hilo kuwa la mchezo, kwa kuwa pete za namna ile hazipo. Sasa naona zipo nyingi. Kila kazi ambayo matokeo yake hayaonekani ni pete ya mchungaji yule. Pampu yangu ya mgongoni ni pete.

Tena yafaa tuone ni kwa nani tunaivaa pete hiyo, na kwa nani tunaivua. Mwaka 2013 nchi za Umoja wa Ulaya ziliongeza ukaguzi wa maharagwe machanga na njegere kutoka Kenya, kwa sababu ya mabaki ya dawa yaliyoonekana ndani yake. Wakulima na wafanyabiashara walihangaika. Dawa zilichunguzwa, siku za kungoja zikahesabiwa, daftari zikaandikwa. Haya yalikuwa mema. Lakini yanatufunua. Mlaji wa mbali, ambaye serikali yake ina mizani na maabara, tulimngojea siku zake. Mama wa Karatina, ambaye hana mizani wala maabara, na ambaye labda tunaabudu naye mahali pamoja, hutegemea dhamiri yetu peke yake. Na hapa ndipo tango la Kaisari linaporudi. Yule mtunza bustani wa Tiberius alimjua mlaji wake, tena alimwogopa. Mtu mkubwa hulindwa na hofu ya wengine. Mtu mdogo hana mlinzi ila haki ya wengine. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mkulima ni mwenye haki, usimwulize anamwuzia nini mtu anayeweza kumpima. Mwulize anamwuzia nini yule asiyeweza.

Labda kijana hodari atanipinga hapa. Atasema: "Mwalimu, ukisema mtu asiuze asichokula, utaifunga Othaya nzima. Wako wakulima wa kahawa wasioinywa kahawa. Wako wafugaji wa nguruwe wasiokula nyama yake. Je, hao nao wana bustani mbili?" Pingamizi hilo ni zuri, nami nalishukuru, kwa maana linatusaidia kunyoosha kanuni yetu. Si kosa kuuza nisichokipenda, wala nisichokizoea, wala nilichokatazwa na tabibu wangu. Mkulima asiyeinywa kahawa haikatai kwa sababu ya ila anayoijua yeye na asiyoijua mnywaji. Kosa ni kuuza kile ninachokikataa kwa sababu ya ila ninayoijua mimi na asiyoijua mnunuzi. Basi kipimo si kinywa changu kupenda au kutopenda. Kipimo ni sababu ya kukataa. Jiulize: kama mnunuzi angeijua sababu yangu, je, angenunua? Kama angenunua, uza kwa amani. Kama asingenunua, umemwuzia kutojua kwake, na kutojua kwa mtu si mali yako.

Sitaki pia kuutwika mzigo huu wote juu ya mkulima. Kenya ilitunga sheria ya kusimamia dawa za wadudu mwaka 1982, na wanaopewa kazi ya kuitekeleza wana sehemu yao ya wajibu. Wauza dawa wana sehemu yao, maana wengi hununua chupa bila kuelezwa. Mchuuzi anayelipa bei ile ile kwa aliyengoja na kwa asiyengoja ana sehemu yake. Hata mnunuzi anayekataa jani lenye tundu moja ana sehemu yake, kwani ndiye anayetufundisha kunyunyizia kupita kiasi. Lakini wajibu si shamba la urithi, kwamba ukigawanywa kwa watu wengi fungu la kila mmoja hupungua. Hata wengine wote watimize au wasitimize sehemu zao, mkono unaoishika pampu ni wangu.

Nilifanya nini baadaye? Kreti sita sikuweza kuzirudisha; zilikwisha kuliwa. Nilinunua ubao mdogo mweusi, kama ule wa shuleni, nikautundika mlangoni pa kivungulio kwa nje. Kila ninaponyunyizia naandika jina la dawa, siku niliyonyunyizia, na siku ya kuchuma. Ubao huo husomwa na binti yangu kabla hajaingia, na husomwa na mchuuzi kabla hajapakia. Hakuna ubao wa nyumbani na ubao wa sokoni. Tena nimejifunza kupunguza haja ya dawa: nafungua madirisha mapema ili unyevu utoke, nakata majani ya chini, naziba matundu ya wavu, na mche ukionyesha ugonjwa naung'oa kabla haujawaambukiza wenzake. Lakini sitaki mtu adhani kwamba haki ni biashara yenye faida. Mchuuzi yule wa kwanza aliusoma ubao, akacheka, akaenda kwa jirani, wala hajarudi. Msimu mmoja nyanya nyingi ziliiva kupita kiasi nikingojea siku ya tano, ya sita na ya saba. Nimepata hasara, na kwa mtu wa mshahara wangu hasara ile haikuwa ndogo. Nilichopata badala yake ni kimoja tu: mtoto wangu akiniuliza swali mlangoni pa kivungulio, sina haja ya kumtuma jikoni.

Enyi vijana mtakaosoma kurasa hizi, si nyote mtakaokuwa wakulima. Mmoja wenu atakuwa mwashi, naye ataamua ni saruji kiasi gani itiwe katika ukuta ambao hataulalia. Mwingine atakuwa fundi wa magari, naye ataamua kama breki ya gari asilolipanda yatosha. Mwingine atakuwa mwalimu kama mimi, naye asubuhi moja ataingia darasani na somo ambalo hakulitayarisha, la kuwatosha watoto wa watu, ilhali kwa mtoto wake angetafuta mwalimu mwingine. Kila mmoja wenu atapewa bustani mbili: moja ya wale anaowapenda, na moja ya wale asiowajua. Kuwapenda wa kwanza ni jambo jema, lakini halina ugumu. Hata ndege huwalisha makinda yake. Mtu hupimwa kwa bustani ya pili. Siku atakapoweza kuing'oa seng'enge iliyo kati ya bustani hizo, akala katika mstari ule ule anaouza, siku hiyo ataweza kumkaribisha mgeni yeyote mezani pake, na kukutana na mnunuzi yeyote njiani, bila kuyaepuka macho yake.